Umefunga?

Barua ilikuja na picha ndani yake. Serikali ya hapa haikusengenyi, inakuonyesha. Nilikuwa mimi pale, mikono yote miwili kwenye usukani, mdomo wazi kwa sababu nilikuwa nikimgombeza dereva wa lori la mbele, ambaye bila shaka hakunisikia. Kushoto kwangu alikaa Mama Chibalonza, amejifunika kitenge chake cha kijani kuanzia kidevuni hadi magotini, macho ameyafumba. Chini ya picha, iliyopigwa na kamera ya barabarani, waliandika kwamba abiria wa mbele hakuwa amefunga mkanda, na kwamba kosa ni la dereva.

"Uongo!" nilisema peke yangu mbele ya sanduku la barua, mpaka jirani wa chini akachungulia dirishani.

Mimi naitwa Muema, na hasira zangu zinakaa karibu. Mke wangu, Bridget, husema zimepangwa mlangoni pamoja na viatu, nikitoka tu nazivaa. Lakini siku ile nilikuwa na haki ya kukasirika, au niliona ninayo. Nilijifunza kuendesha gari nikiwa mtu mzima, hapa hapa Sydney, kwa hiyo leseni yangu ni ile ya wanaoanza, yenye herufi P nyekundu unayobandika mbele na nyuma ya gari ili kila mtu akupigie honi kwa raha zake. Leseni hiyo ina pointi nne tu. Kosa la mkanda linakula tatu. Likija la pili, leseni inakwenda likizo bila wewe.

Na wakati ule leseni ndiyo ilikuwa kila kitu. Nafanya kazi kwenye ghala moja Wetherill Park, napanga maboksi kuanzia alfajiri. Bridget ni muuguzi wa zamu ya usiku. Ndoa yetu ilikuwa ya mlangoni: mimi natoka, yeye anaingia, tunapeana funguo na pole. Sasa Adrien, msimamizi wetu, alikuwa ameniahidi kazi ya kuendesha gari la kusambaza mizigo. Zamu yake inaanza saa tatu asubuhi. Hebu fikiria, kunywa chai na mke wako mezani kama watu! Adrien alitaka kitu kimoja tu, kwamba mwezi ukiisha nimwonyeshe leseni iliyo hai.

Bridget alirudi kutoka kazini akanikuta nimeishika ile picha. Aliitazama kwa muda, koti bado mwilini.

"Huyu mama amelala ama anaomba?"

"Hiyo si point, Bridget. Point ni mkanda uko chini ya kitenge! Kamera itaona vipi chini ya kitenge?"

"Na wewe uliona vipi?"

"Nilimuuliza! Kila asubuhi namuuliza."

"Sawa. Lakini si ukubali tu hizo tatu ziende, ubaki na moja? Hasira hasara, Muema."

Nilimwambia sitakubali, nitakwenda kortini. Yeye akaenda kulala na mimi nikaenda kazini. Njia nzima niliendelea kubishana naye ingawa hakuwamo garini.

Ni kweli nilikuwa nikimuuliza. Mama Chibalonza ni mama wa Bukavu, mtu mzima mwenye wajukuu, na anafanya kazi nasi pale ghalani. Nilikuwa nikimchukua Lidcombe, karibu na stesheni, kabla hakujapambazuka. Zamani alikaa nyuma na wanawake wengine wawili. Wale walipobadilishiwa zamu, wiki ile ile Adrien aliponiahidi lile gari, akahamia mbele. Corolla yangu ni kuukuu na ile kengele yake ya mkanda ilikufa kabla sijainunua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijawasha gari, nilikuwa nageuka na kumuuliza, "Mama, umefunga?" Naye alikuwa ananijibu kwa sauti yake ya taratibu, "Nimefunga, mwana yangu." Hapo nilikuwa natia gia. Alfajiri mimi si mtu wa maneno mengi.

Lakini barua ilipofika, Mama Chibalonza hakuwa tena kwenye gari langu. Binti yake, Nicole, alikuwa amejifungua, na mama alikuwa amechukua likizo akahamia kwake Penrith kumlea mzazi na mtoto. Nikampigia simu. Kichanga kilikuwa kinalia, maji yanamwagika, na simu ilikuwa inakatikakatika.

"Mama, nimepata barua mbaya. Wanasema hukufunga!"

"Nani anasema?"

"Serikali! Iko kwa barua!"

Kwa Mama Chibalonza, kila anayetuma barua ni council. Sauti yake ikapanda.

"Council inasema miye sikufunga? Banajuwa namna gani, bale?"

"Si ndiyo nashangaa, mama! Wanajuaje?"

"Nilifunga, mwana yangu. Sikuacha hata siku moja. Mungu njo shahidi."

"Na ukiulizwa mbele ya hakimu?"

"Hata mbele ya hakimu. Nitasema nilifunga."

Nilikata simu nikajisikia mrefu. Shahidi wangu alikuwa mama wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuokota hata kalamu ya kampuni. Mkalimani angemtafsiria, hakimu angemwangalia usoni, na yangekuwa yamekwisha.

Raha hiyo haikufika hata jioni. Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu Horsley Drive nilipoanza kufikiri vizuri. Picha ile ilikuwa imepigwa wiki kadhaa zilizopita. Baada ya asubuhi ile tuliendelea kupita njia ile ile, mama yule yule, kitenge kile kile. Kama kamera haioni chini ya kitenge, basi haikuona siku zote hizo. Tena kamera zenyewe hazikai mahali pamoja. Zimepandishwa kwenye trela, leo iko hapa, kesho imehamia kule. Hujui ni asubuhi zipi ilikuwapo na zipi haikuwapo. Na zile asubuhi zimeshapita, siwezi kurudi kuvua kitenge cha mtu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nazo barua ni vivyo hivyo. Taa iligeuka kijani, watu wakanipigia honi, na sikuwa na nguvu hata ya kuwatukana.

Tangu hapo sikutulia. Nikitoka kazini nilikuwa nikikimbilia sanduku la barua kabla ya choo. Nililifungua, nikalipapasa ndani mpaka kwenye kona, kisha nikarudi tena baada ya chakula kana kwamba mleta barua anafanya kazi kwa ajili yangu tu. Matangazo ya pizza yalinishtua. Barabarani niliendesha pole pole mno, hata bibi mmoja mwenye kofia akanipita akitikisa kichwa. Kila trela iliyoegeshwa kando ya njia niliiona ni kamera. Moja ilikuwa ya mtu anayeuza matikiti, nami nilikuwa nimeshaketi wima kama niko kwa mpiga picha wa pasipoti.

Adrien naye hakunisaidia. Alikuwa akipita kati ya maboksi yangu akiuliza leseni kwa Kifaransa chake, "Muema, permis iko?" Nilikuwa namjibu iko, nikiugeuza uso ukutani.

"Utajiua," Bridget aliniambia mlangoni. "Nenda umwone huyo mama ana kwa ana. Muandike atakachosema, halafu ulale."

Basi Ijumaa, nilipotoka kazini mchana, nilielekea Penrith. Nicole anakaa kwenye nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma, kamba za nguo zimejaa nepi, na jua lile la huko linalokuwa kali hata wakati wa baridi. Mama Chibalonza alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amepungua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na nilidhani ni kazi ya kukesha na mtoto.

"Karibu, mwana yangu. Ikala. Bridget iko muzima?"

"Mzima, mama. Anakusalimu."

Aliniletea chai ya maziwa na maandazi ya moto kwenye sahani kubwa, akaketi mbele yangu, mikono mitupu mapajani. Nilianza kumweleza mambo ya korti. Nilimwambia atakaa pale, mkalimani hapa, na ataulizwa swali moja tu. Yeye aliitikia kila neno. Nilikuwa nimekula andazi la pili nilipoona kwamba hana kikombe.

"Mama, mbona hunywi?"

"Hapana, mwana yangu," akasema kwa sauti yake ya taratibu. "Nimefunga."

Andazi lilinikwama. Ilikuwa sauti ile ile, neno lile lile, mwinamo ule ule wa kichwa. Nilimwangalia pale kwenye kochi. Kochi halina mkanda.

"Umefunga," nikasema.

"Tangu siku ile ulinipigia juu ya barua. Mara hii ni ya pili. Ya kwanza nilianza siku uliniambia Adrien atakupa ile kazi ya shofa. Nilisema, huyu mutoto ananibeba kila siku bila kunisumbua, miye nitamupa nini? Nitamufungia. Juu ya permis yake, Mungu ailinde, isiguswe na mutu. Wiki tatu, sikukula mupaka jioni." Akatabasamu. "Na weye ulikuwa unanijuwa! Sikukuambia kitu, lakini kila asubui unageuka unaniuliza, 'Mama, umefunga?' Nikasema, eh, huyu iko na imani! Roho njo inamwambia."

Nilisukuma sahani kando, nikashika kikombe.

"Siku moja nilichoka," akaendelea. "Nilikuwa na mukate ndani ya sakoshi. Nilisema leo nitakula tu kwa njia, Mungu atanisamehe. Nikaingia kwa gari, ukageuka, ukasema, 'Mama, umefunga?' Nikasikia haya! Ule mukate nilimupa mwengine kule kazini. Ulinitia nguvu sana, mwana yangu."

Ndani ya chumba cha pili Nicole alikuwa akimwimbia mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na kichwa kikikimbia. Kwanza nilielewa kwamba kamera ilikuwa imeona sawasawa. Chini ya kitenge hakukuwa na chochote ila mama na njaa yake. Halafu nikaelewa jambo la pili. Yeye hajui. Ataapa mbele ya hakimu kwamba alifunga, na hatakuwa amesema uongo hata chembe. Mkalimani atasikia mkanda, hakimu atasikia mkanda, nami nitarudi nyumbani na leseni yangu mfukoni. Nilichohitaji ni kumaliza chai yangu, kusema ahsante mama, na kuondoka. Mtu mwenye akili angefanya hivyo, au mtu mwenye subira, na mimi kati ya hao wawili sijawahi kuwa hata mmoja.

"Mkanda, mama!" Kikombe nilikiweka chini kwa nguvu, chai ikaruka. "Nilikuwa nauliza mkanda! Mkanda wa gari! Umefunga mkanda? Mimi nijue mambo ya kufunga kula, nani aliniambia? Nakuuliza mkanda, wewe unaniambia mambo ya tumbo!"

Mtoto akaanza kulia. Nicole alitokea mlangoni akiwa amemlaza begani, akiniangalia kama mtu anayetafuta simu ya kuita polisi.

Mama Chibalonza hakupepesa macho. "Mukaba?" akasema pole pole. "Mukaba wa gari?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa council... ile barua... balikuwa banasema mukaba?"

"Walikuwa wanasema nini kingine?"

"Miye nilishangaa sana," akasema. "Nilisema, inchi hii banaingia mupaka ndani ya mambo ya maombi."

Nicole ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango, mtoto akitikisika naye. Mama alijitahidi kumkemea, akashindwa, akaficha uso ndani ya kitenge na mabega yakaanza kuruka. Nilibaki mimi peke yangu, shati limelowa chai. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga meza.

Mama alipoufunua uso, ulikuwa umelowa, na si kwa kicheko tu.

"Na ulivaa mkanda siku yoyote, mama?" nikamuuliza. "Hata moja?"

"Zingine nilivaa. Zingine baridi ilikuwa kali, nikajifunika, nikafumba macho, nikaanza kukuombea. Sijuwe ni ngapi."

"Basi sikiliza." Nilijisogeza mbele. Nilijisikia vibaya na nilisema hivyo hivyo. "Kortini wewe si utaulizwa kama ulifunga? Sema nilifunga. Neno ni lako, mama. Si uongo."

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyomwona akiwatazama wale vijana wapya kazini wanaoinua boksi kwa mgongo.

"Jana ningesema," akanijibu. "Jana lilikuwa neno la kweli ndani ya kinywa changu. Leo nilisha juwa batakachosikia. Siwezi tena." Akachukua kitambaa akaanza kufuta chai mezani. "Juu ya nini haukunyamaza, mwana yangu?"

Nilimsaidia kufuta.

Simu yangu ikalia ujumbe. Alikuwa Bridget. Aliandika hivi: *Imekuja nyingine. Sijaifungua. Nimeiinua kwa mwanga, naona rangi ya kijani.*

Nilimpa Mama Chibalonza simu, akaisoma akiwa ameishika mbali na macho. Hakusema pole. Aliingia chumbani, akatoka na viatu vya kutokea na kile kitenge chake begani.

"Twende kwako."

"Mama, kufanya nini? Imeshakwisha."

"Kumuomba bibi yako musamaha. Jambo kama hili haiombwe kwa simu. Na umwambie asifungue. Siku yangu nayo inaisha jua ikizama. Tutafungua pamoja."

Nicole alijaribu kumzuia, mimi nikajaribu, na hakuna aliyemweza. Nilimwandikia Bridget, nikazima simu, tukatoka. Jua lilikuwa limeinama. Zile herufi P mbili zilikuwa mahali pake, nyekundu, mbele na nyuma. Nilizipangusa kwa kidole, sijui kwa nini. Tulipoketi nilishika ufunguo, nikageuka kushoto kwa mazoea.

"Mama, ume..."

Nikakatiza. Yeye aliuvuta mkanda mpaka mwisho wake, akauchomeka, ukalia ta, akauvuta tena kunionyesha kwamba umeshika.

"Nimefunga," akasema. Akatafakari kidogo. "Na nimefunga."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka vibaya, paji la uso juu ya usukani, mpaka machozi yakanitoka na sikuyaonea haya. Chai ya asubuhi na Bridget ilikuwa imekwenda. Adrien angempa mtu mwingine lile gari. Ningerudi kupanda treni gizani, na mke wangu angebaki mtu wa mlangoni. Iliniuma sana, na aliyeshinda na njaa ili nisiumie hivyo alikuwa ameketi pale karibu yangu, akinipigapiga mgongoni.

"Mama," nikamwambia nilipoweza, "huenda hii ni safari yangu ya mwisho kuendesha, kwa muda."

"Basi twende pole pole."

Tukaenda pole pole. Tulishika M4 tukiwa na jua nyuma yetu, malori yakitupita, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua sikumtukana hata mmoja. Mama alikuwa amejifunika kitenge mpaka kidevuni, kwa kuwa kibaridi kilishaanza, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nilijua anamwambia nani na anaomba nini.

Karibu na nyumbani, kando ya barabara, niliiona. Haikuwa matikiti safari hii. Ilikuwa trela yenyewe, na mlingoti wake, na jicho lake juu.

"Mama, ndiyo ile pale."

"Njo yenyewe?"

"Yenyewe."

Alifumbua macho. Akakishika kile kitenge cha kijani kwa mikono miwili, akakifungua kama mtu anayefungua pazia asubuhi, akakaa kifua mbele. Mkanda ulikuwa umemkata kutoka begani mpaka kiunoni, mweusi, umenyooka, hata kipofu angeuona. Akauinua uso kuelekea kwenye kile kioo.

"Bapige na hii!" akasema. "Bapige, batume!"

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Tulipita chini ya kamera tukiwa tumekaa wima, mikono yangu yote miwili kwenye usukani, mdomo nimeufunga. Picha ile hatutaletewa kamwe. Ofisi ile haimwandikii mtu aliyefunga.